MACHO MEKUNDU YA MAMA

Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei imekuwa sikukuu katika nyumba nyingi za nchi yetu. Siku hiyo watoto huwapelekea mama zao kanga na vitenge. Makanisani akina mama huimbiwa na kuombewa. Na wale walio mbali hupiga simu nyumbani, hata kama kwa miezi mingi hawakupiga. Sisi hatuibezi siku hiyo. Anayemkumbuka mama yake mara moja kwa mwaka ni afadhali kuliko yule asiyemkumbuka kabisa. Lakini twapenda kuuliza swali moja, nalo twaliuliza kwa ajili ya watu wa Nassa na wa Usukuma wote: je, mama tunayemtukuza siku hiyo ni mama yupi? Ni yule tu ambaye bado ana nguvu, aliyempakata mtoto? Au ni pamoja na yule kikongwe anayekaa peke yake pembeni mwa kijiji, ambaye macho yake yamekuwa mekundu?

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya asili ya siku yenyewe. Aliyeianzisha ni Bibi Anna Jarvis wa Marekani. Mwezi wa Mei mwaka 1908 alifanya mpango wa ibada ya kumkumbuka marehemu mama yake katika mji wa Grafton, jimbo la West Virginia. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kuwa siku ya taifa zima. Haukupita muda mrefu wauza maua, wauza kadi na wauza peremende wakaifanya siku hiyo kuwa soko lao. Bibi Jarvis alihuzunika sana, akatumia miaka mingi ya maisha yake kuwapinga wale waliokuwa wakichuma fedha kwa jina la mama, hata akafariki mwaka 1948. Basi tangu mwanzo mwenye siku yake alituonya: kumpa mama zawadi si sawa na kumheshimu. Zawadi hununuliwa dukani kwa dakika chache, lakini heshima hudaiwa kila siku, tena hudaiwa zaidi mama anapokuwa hana tena la kutupa.

Wala Msukuma hakungoja kufundishwa na mgeni kumtukuza mama. Nassa, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Busega, mwanamke mtu mzima huitwa mayu, hata na mtu asiye wa ukoo wake. Mgeni apitaye njiani asubuhi humwamkia, “Mwangaluka mayu,” na binti aliyelelewa vema hupiga goti. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kando, akaitwa kwa jina la mwanawe. Hata majina ya watoto yamebeba habari za uzazi wa mama. Kulwa na Doto ni mapacha. Shija ndiye aliyewafuata mapacha tumboni. Kashinje alitanguliza miguu, akamtia mama yake katika hatari. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha. Kila tumwitapo mmoja wa hao twakumbushwa, tupende tusipende, siku ile ambayo mama alikuwa kati ya kufa na kupona. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Wasukuma waliuandika uchungu huo katika majina, usisahauliwe.

Haya ndiyo yanayotufanya tuone aibu kwa hayo mengine tutakayoyasema. Maana katika nchi hiihii ambayo mwanamke huitwa mayu na kila mpita njia, wako akina mama waliouawa kwa mapanga usiku, vitandani mwao, kwa sababu walikuwa wazee na macho yao yalikuwa mekundu.

Tuangalie macho hayo yamekuwaje mekundu. Msomaji amfikirie mama mzee yeyote wa vijiji vile. Tangu akiwa msichana amepika kwa mafiga matatu, ndani ya jiko la udongo lisilo na dirisha. Nchi ya Usukuma ilikuwa na miti mingi. Lakini mapori makubwa yalifyekwa zamani za wakoloni ili kumfukuza mbung'o, na mengine yakafyekwa ili kupanua mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe. Miti ilipopungua, mama hakuacha kupika. Aliwasha miti mikavu ya pamba baada ya mavuno, akawasha magunzi ya mahindi, na palipokosekana hayo akawasha samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wa vitu hivyo ni mkali kuliko wa kuni njema. Aliuvuta asubuhi akipika uji, mchana akichemsha michembe na matobolwa, jioni akisonga ugali na kuunga dagaa. Alifanya hivyo miaka 40, miaka 50, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akilia mlangoni.

Basi macho mekundu ya mama si alama ya uchawi. Ni alama ya kazi. Mkulima huonyesha sugu za mikono yake, na mvuvi huonyesha makovu ya kamba. Mama huonyesha macho yake. Kila mmoja wetu aliyekulia kijijini alikuzwa na moto uleule ulioyaharibu macho yale. Na atakayeyanyoshea kidole na kusema, “Huyu ni mchawi,” anaushitaki ugali alioula mwenyewe.

Jinsi maovu hayo yanavyotendeka yajulikana, nasi hatutayafunika. Mtoto hufa kwa homa, au ng'ombe wafa, au biashara ya mtu yaanguka. Mwenye msiba haendi zahanati wala kwa bwana mifugo. Aenda kwa mpiga ramli. Huyo aghalabu hataji jina, maana ni mwerevu. Husema tu kwamba aliyemwonea ni mwanamke mzee, nyumba yake iko upande fulani, na macho yake ni mekundu. Katika vijiji vya kwetu, ni mwanamke gani mzee ambaye hawezi kuingia katika maelezo hayo? Aliyekuja na msiba arudi nyumbani akiwa na mtuhumiwa. Kisha hutafutwa wale waitwao wakata mapanga, nao hulipwa. Mara nyingine msiba wenyewe ni kisingizio tu. Kikongwe ni mjane, anakaa juu ya shamba zuri, na kuna mtu katika ukoo anayelitamani shamba lile. Ramli ndiyo inayotumiwa kumwondoa.

Wala jambo hili si dogo. Hesabu za Serikali za miaka ya 1970 hadi 1984, zilizochambuliwa na mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilionyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake waliouawa walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Usukumani. Hiyo ni idadi ya watu wa kijiji kizima, na wengi wao ni mama za watu.

Zilijaribiwa njia za nguvu. Mwaka 1976 watu wengi walikamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili mauaji yakomeshwe. Lakini baadhi ya mahabusu waliteswa, hata wengine wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, akachukua dhamana ya kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake mwenyewe. Tendo lake lilikuwa la kiungwana, na historia imemheshimu kwa ajili yake. Lakini mauaji hayakung'oka. Serikali ilipiga marufuku shughuli za waganga wa jadi mwaka 2009, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na mwaka 2015 ikawageukia tena wapigao ramli chonganishi. Twaziunga mkono hatua hizo. Hata hivyo twajua kwamba askari hawezi kulala katika kila nyumba ya kila kikongwe. Uovu unaozaliwa nyumbani hauna budi kukomeshwa nyumbani, na wana wa mama huyo ndio wa kwanza kudaiwa.

Pengine atatokea mtu wa kutuambia kwamba sisi tuliosomeshwa na misheni tumesahau mambo ya wazee wetu. Hatukusahau. Nassa ni mahali pa misheni ya kale. Wamisionari wa CMS walikuwapo hapo kabla ya misheni ya Africa Inland kuipokea kazi yao mwaka 1909. Kwa zaidi ya miaka 100 watoto wa huko wamefundishwa Amri Kumi, na miongoni mwake ipo ile inayomwahidi maisha marefu mtu awaheshimuye wazazi wake. Waislamu nao hufundishwa kwamba njia ya peponi hupita miguuni pa mama. Na mila ya Kisukuma, kama tulivyoonyesha, yamwita kila mwanamke mzima mayu. Kwa Biblia, kwa mafundisho ya Uislamu na kwa mila, anayemwua kikongwe amehukumiwa mara tatu. Hatuoni ni wazee gani hao wanaotajwa kumtetea.

Liko pia jambo la sheria, nalo wengi hawalijui. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Sehemu yake, zilisema, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Msomaji ayapime maneno hayo. Sheria haikumpa mama shamba wala ng'ombe. Ilimpa shukrani za watoto wake, ikazihesabu kuwa ndiyo mali yake. Mwenye watoto wema alikula. Mwenye watoto wabaya, au ambaye watoto wake wamehamia mijini wakasahau, au ambaye hakujaliwa mtoto, alibaki mikono mitupu mbele ya shemeji zake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania waliofukuzwa katika nyumba za waume zao. Ikasema kwamba walinyimwa haki, ikaitaka nchi yetu izirekebishe sheria za namna hiyo. Bunge letu lenyewe, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lilikwisha kusema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna sheria njema. Kinachotakiwa ni sheria hiyo itoke Dodoma ifike Nassa, iingie katika daftari la kijiji.

Tena twasema kwamba taifa hili linaweza kumlinda mama likitaka. Ushahidi tunao. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 akina mama 556 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 104. Hayo hayakuletwa na nyimbo. Yaliletwa na zahanati, wakunga, damu, dawa na magari ya wagonjwa, na akina baba waliokubali wake zao wakajifungulie panapo mhudumu. Mama anayezaa tumemjali, naye anapona. Lakini itatufaa nini kumponya mama siku ya kujifungua, kisha miaka 40 baadaye akatwe panga na jirani wa mwana yuleyule aliyemzaa?

Kutoka Nassa, mtu akiifuata barabara kuu iendayo Musoma, ataingia Mkoa wa Mara, ndiko kuliko Butiama. Huko aliishi Bibi Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu Julius Nyerere. Alikuwa mmoja wa wake wengi wa Mtemi Burito. Ndiye aliyemlea Mwalimu hadi alipopelekwa shule Musoma mwaka 1934, naye aliishi hadi mwaka 1997, akiwa amemwona mwanawe akiliongoza taifa na kisha kurudi kijijini kulima. Alizeeka kwa amani, akafa kwa amani. Tukimkumbuka twasema: hivyo ndivyo inavyompasa kila mama wa nchi hii kuzeeka. Bibi Mgaya alikuwa na mwana aliyejulikana duniani kote. Lakini heshima ya uzee isiwe haki ya mama mwenye mwana mkubwa tu. Ujamaa tuliofundishwa na Mwalimu maana yake ni kwamba kikongwe asiye na mtu awe na watu, nao ni sisi.

Basi tusiishie katika kulaumu. Yako mambo ambayo kila kijiji, kila tawi la Chama na kila nyumba yaweza kuyafanya.

La kwanza ni moshi. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo usianzie katika nyumba zenye uwezo. Uanzie katika jiko la kikongwe. Kijana anayetaka kumtuza mama yake mwezi wa Mei na amjengee jiko lenye bomba la moshi, au ampelekee mtungi wa gesi na kumwonyesha namna ya kuutumia, na mtungi ukiisha aujaze. Na apande miti. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulionyesha kwamba ngitili zikilindwa, nchi iliyokauka huota tena. Mti uliopandwa leo karibu na nyumba ya mama ni safari moja ya kuni iliyopunguzwa kesho.

La pili ni ardhi. Mume na mke waandike shamba lao kwa majina yao wote wawili katika hati ya kimila, wakiwa hai na wakipatana. Halmashauri ya kijiji imtembelee kila mjane na kumwuliza kama mpaka wake umesogezwa. Shamba likijulikana mbele ya watu wote kuwa ni la mjane, na ikajulikana nani atalipokea baada yake, mwenye tamaa atakuwa amenyimwa sababu ya kumtafuta mpiga ramli.

La tatu ni ramli yenyewe. Twawaomba wazee wa kimila, wachungaji, mapadri na masheikh waseme kwa sauti moja kwamba mpiga ramli anayemnyoshea mama kidole ni mshiriki katika mauaji. Sungusungu, waliojipatia sifa tangu miaka ya 1980 kwa kuwalinda ng'ombe wetu na wezi, wawalinde na mama zetu. Itakuwa fedheha ikiwa zizi lina ulinzi, na nyumba ya kikongwe haina. Na neno la tuhuma likisikika kilabuni au kisimani, lipelekwe siku ileile kwa mtendaji wa kijiji na kwa polisi, lisingoje usiku.

La nne ni riziki. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Mama aliyelima pamba maisha yake yote alilijengea taifa hili kama karani aliyekaa ofisini. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003. Sasa yafaa vikao vya Chama Bara vijifunze kwa ndugu zetu wa Visiwani. Mzee mwenye chake kidogo haonekani kuwa mzigo, na mtu asiyekuwa mzigo si rahisi kusingiziwa.

Twajua kwamba wasomaji wetu wengi wa Usukuma ni watu wema, wanaowapenda mama zao, na ambao wangekufa kabla ya kuinua mkono juu yao. Kwao twasema neno moja zaidi. Mauaji haya hayakufanywa na wakata mapanga peke yao. Yalisaidiwa na watu wema waliosikia wakanyamaza. Waliojua kwamba fulani ametajwa, wakafunga milango yao mapema jioni ile. Mama wa jirani yako ni mayu kwako pia. Ulimwamkia hivyo asubuhi, usimkane usiku.

Kwa hiyo, Jumapili ya pili ya Mei ijapo, tuimbe na tutoe kanga zetu. Lakini baada ya ibada kila mmoja aende hadi nyumba ya mwisho ya kijiji chake, kwa mama mzee asiye na mgeni. Aketi naye karibu na mafiga yake. Avumilie moshi ule kwa muda wa saa moja tu, kisha atoke nje ajitazame macho yake mwenyewe katika kioo. Atayakuta mekundu. Na hapo, twaamini, hatakuwa tena na haja ya kuelezwa na mtu yeyote maana ya macho ya mama.